Injini Ilipohama Gurudumuni: Uchambuzi wa Skuta Kubwa ya Masafa Marefu

Yeyote aliyepata kupanda vespa katika mitaa ya Unguja anazijua fadhila zake: mpandaji huketi wima, miguu ikiwa pamoja mbele yake, nguo zake zikisalimika na mafuta ya mashine na tope la njia, wala hasumbuki kupenya baina ya watu na mikokoteni. Walakini chombo hicho hicho ukikitia katika barabara kuu ya magari yaendayo kasi, ukakitaka kikuchukue kilomita 50 asubuhi na 50 nyingine jioni, kwa mvua na kwa jua, raha hiyo hugeuka adha kabla hujafika nusu ya safari, kwani magurudumu yake madogo hupokea kila shimo, injini yake hulia kwa kuzidiwa, na upepo wa malori hukitikisa. Ndiyo maana wahandisi wa Italia na Japani walishughulika kwa zaidi ya nusu karne na suala moja, nalo ni vipi wataihifadhi raha ya skuta na papo hapo kuipa uthabiti wa pikipiki kubwa. Muradi wa makala haya ni kueleza jinsi walivyofaulu, na rai yangu ni kwamba siri haikuwa katika kuikuza injini tu, bali katika kuihamisha kutoka mahali ilipokaa tangu asili.

Asili yenyewe ni ya mwaka 1946, pale kampuni ya Piaggio ya mji wa Pontedera, Italia, ilipotoa Vespa ya kwanza, yenye injini ya sentimita 98 za ujazo, iliyosanifiwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege ambaye hakuzipenda pikipiki za zama zake. Bwana huyu aliona cheni inachafua nguo, na injini iliyo katikati ya miguu inamzuia mpandaji kupanda na kushuka kwa heshima. Basi akaiondoa cheni, akaiweka injini ubavuni mwa gurudumu la nyuma, hata injini, gia na gurudumu vikawa kitu kimoja kinachopanda na kushuka pamoja kila chombo kipitapo penye mabonde na matuta. Ilikuwa tadbiri ya busara, maadamu injini ilikuwa ndogo na mwendo ulikuwa wa mjini, na kwa miaka mingi skuta nyingi za dunia zilifuata utaratibu huo.

Lakini tadbiri hiyo ilificha ila ambayo haikudhihiri mpaka watu walipotaka kwenda mbali. Katika chombo chochote chenye springi upo uzito ulio juu ya springi, nao ni ule wa mpandaji, fremu na mizigo, na upo uzito ulio chini yake, nao ni ule wa gurudumu na kila kilichofungamana nalo. Na kadiri huu wa pili unavyozidi, ndivyo gurudumu linavyochelewa kuufuata uso wa barabara, likirushwa na tuta na kurudi chini kwa kishindo, tairi ikipoteza mshiko na mgongo wa mpandaji ukipokea pigo. Kuifunga injini nzito kwenye gurudumu la nyuma ni kama kumfunga hamali mzigo wake mguuni badala ya kumtwika begani: mzigo ni ule ule, ila kila hatua sasa inamgharimu maradufu. Ndipo tunapofahamu kwa nini skuta za safari zilizotangulia, mathalani Honda CN250 ya 1986, Yamaha Majesty ya 1995 na Suzuki Burgman 400 ya 1998, ingawa zilirefushwa viunzi, zikapanuliwa viti na kuwekwa vioo vya kukinga upepo, hazikuweza kuwa na injini kubwa mno, kwa kuwa injini zao ziliendelea kucheza pamoja na gurudumu.

Aliyelikata fundo hilo kwa ujasiri ni Yamaha, kwa skuta yake ya TMAX iliyoingia sokoni mwaka 2001. Humo injini ya silinda mbili, yenye sentimita 499 za ujazo, ililazwa karibu sambamba na ardhi, ikakazwa ndani ya fremu mbele ya kiti, hata ikawa sehemu ya mifupa ya chombo, na gurudumu la nyuma likaachiwa mkono wake peke yake, ukiwa na cheni iliyofungiwa katika kasha la mafuta ili isimchafue mtu wala isidai kupakwa grisi kila mara. Kwa hatua hii moja uzito ulisogea mbele na kushuka chini, gurudumu likapata wepesi wa kuifuata barabara, na chombo kikaweza kulala katika kona kwa utulivu ambao hapo kabla ulikuwa wa pikipiki pekee. Na kwa kuwa silinda mbili ziendazo pamoja hutetemesha, wahandisi waliongeza pistoni ya tatu, isiyochoma mafuta, inayokwenda upande ulio kinyume na zile mbili ili kulituliza tetemeko lao. Ni jambo linaloonekana dogo kwa asiyepata kushika usukani muda mrefu, ilhali mikono inayokufa ganzi humshinda msafiri mapema kuliko uchovu wa mgongo.

Muda mfupi baadaye Suzuki wakaja na Burgman 650, yenye injini ya silinda mbili ya sentimita 638, nayo imekazwa katika fremu. Hawa hawakutumia cheni kabisa, bali nguvu hulifikia gurudumu kwa mfululizo wa meno ya gia yaliyozama katika mafuta. BMW nao walipoingia uwanjani mwaka 2012 kwa C 650 GT, ya sentimita 647, waliifuata kanuni hiyo hiyo ya injini kukaa fremuni na cheni kuoga mafuta ndani ya mkono wa gurudumu.

Baada ya mahali pa injini, suala la pili lilikuwa la mwendo usio na gia za kubadilisha. Skuta ya kisasa hutumia mkanda unaozunguka baina ya puli mbili, kila moja ikiwa na nyuso mbili zinazoweza kukaribiana na kuachana, utaratibu ulioenea katika magari kwa DAF 600 ya Uholanzi ya mwaka 1958, iliyobuniwa na Hub van Doorne. Ndani ya puli ya mbele vimo vizito vya mviringo. Injini ikizidi kuzunguka, vizito hivyo hutupwa nje, vikazisukuma nyuso zikaribiane, mkanda ukapanda juu, na puli ya nyuma, ambayo hubanwa na springi, ikafunguka na kuuachia mkanda ushuke, hata uwiano ukabadilika pole pole pasipo mpandaji kugusa chochote. Ni utaratibu mzuri, lakini unatii kasi ya injini tu, haujui kama mpandaji ataka kupita lori au ataka kwenda kwa utulivu na kuhifadhi mafuta. Kwa hiyo Suzuki, katika Burgman 650, waliviondoa vizito, wakaweka mota ndogo ya umeme inayoamrishwa na kompyuta, ili mpandaji akibonyeza swichi aweze kuchagua mwendo wa kawaida, mwendo wa nguvu, au kupandisha na kushusha hatua mwenyewe kwa kidole.

La tatu ni upepo, adui ambaye mpandaji wa mjini hamjui. Mwendo ukitoka kilomita 60 kwa saa ukafika 120, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu inayohitajika kuushinda huongezeka mara nane. Basi kioo kipana cha mbele na ngao ya kukinga miguu si pambo, bali ni sehemu ya mashine. Hata hivyo kioo hicho hakina budi kulingana na kimo cha mpandaji, kwa kuwa kikiishia mahali pasipofaa huutupa upepo uliovurugika kwenye helmeti yake, na kelele na mtikisiko wake humchosha kuliko upepo uliotulia.

Sasa tuzingatie hesabu ya mmiliki, maana chombo cha kazi ya kila siku hakipimwi siku ya kununuliwa. Chukua mfanyakazi akaaye Bergamo na kuajiriwa Milan, masafa ya kiasi cha kilomita 50. Kwa miaka mingi sheria ya Italia ilizikataza pikipiki zilizo chini ya sentimita 150 zisiingie katika barabara kuu za kulipia, hivyo skuta ndogo isingemfaa hata akitaka. Kwenda na kurudi ni kilomita 100 kwa siku, 500 kwa juma la kazi, na katika majuma 46 ni kilomita 23,000. Mkanda wa TMAX hubadilishwa kila kilomita 20,000, maana yake ni kwamba mtu huyu atanunua mkanda mpya takriban kila mwaka, naye akiusahau, siku utakapokatika chombo hakitasogea hata hatua moja, injini ikinguruma bure. Tairi nazo, kwa kuwa magurudumu ni madogo kuliko ya pikipiki, huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita na kulika upesi. Na gharama ya fundi huzidi, kwani kuifikia plagi au chujio kwataka kwanza kuvua maganda mengi ya plastiki.

Uzito pia hudai ustadi. Burgman 650 yenye mafuta tele hukaribia kilo 275, na katika mwendo wa pole klachi yake hujiachia yenyewe, chombo kikabaki bila zuio la injini. Mpandaji mzoefu, akigeuza mahali pembamba, huishika breki ya nyuma kidogo huku akiendelea kuvuta mafuta, ili klachi ishike na chombo kisimponyoke. Kwa sababu hiyo hiyo skuta kubwa haiwezi kuegeshwa mteremkoni ikiwa ndani ya gia, nayo Burgman ilipewa breki ya kuegeshea, kama ya gari.

Haya yote hayaipunguzii daraja. Yanabainisha tu kwamba raha ya mpandaji hugharimiwa na juhudi ya mtu mwingine, kwanza mhandisi, kisha fundi, kisha mmiliki mwenyewe atunzaye daftari la matengenezo. Anayenunua skuta kubwa iliyokwisha tumika, kwa ajili ya njia ndefu ya kila siku, asishawishike na mng'ao wa rangi. Na aulize mkanda ulibadilishwa lini, mafuta ya kasha la nyuma yalimwagwa lini, na tairi zina umri gani. Akijibiwa kwa yakini, amepata chombo kitakachomfikisha kazini bila kuchoka na kumrudisha nyumbani akiwa na nguvu ya kuzungumza na watu wake. Na hilo, kwangu mimi, ndilo lengo halali la uhandisi wote wa vyombo vya safari.