"Gari Limechemsha": Istilahi za Upozaji wa Injini katika Mswada Mmoja wa Tafsiri

Umeletwa mezani petu mswada wa tafsiri ya mwongozo wa kutengeneza pikapu aina ya Toyota Hilux za miaka ya 1980, ili tuutazame kwa upande wa istilahi. Tumeisoma kwa makini zaidi sura ya matatizo ya mfumo wa maji. Mfasiri ana Kiswahili kizuri. Lakini istilahi za ufundi hazipimwi kwa uzuri wake tu; hupimwa kwa kile atakachofanya mtu aliyezisoma akiwa na spana mkononi.

Mfasiri ameandika "mfumo wa kupooza". Kupooza, kwa wasomaji walio wengi, ni maradhi ya viungo. Kuondoa joto ni kupoza. Huenda ni kosa la chapa, ila limerudiwa karibu kila ukurasa.

Lenye uzito zaidi ni neno "kipimajoto", ambalo limetumika kwa geji iliyo mbele ya dereva na pia kwa themostati. Themostati haimpimii mtu kitu. Ni vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kwa kawaida huanza kufunguka maji yafikapo nyuzi 82 au 88 za Sentigredi. Basi mswada unapoagiza kwamba kipimajoto king'olewe, kitumbukizwe katika sufuria ya maji yanayopashwa moto, na kitazamwe huku kipimajoto kikisomwa, fundi kijana atang'oa kipi? Tunashauri "themostati" ibaki, kwani gereji zimekwisha kuizoea. Kile cha dereva kiitwe "geji ya joto". Na "kipimajoto" kiachiwe kile kinachotiwa sufuriani.

Kuhusu rejeta, mfasiri ameandika "kifuniko" na kunyamaza. Neno hilo humkumbusha msomaji chungu na sufuria, na ni nani kati yetu asiyepata kuona rejeta iliyozibwa kwa kitambaa au gunzi la mhindi? Kumbe kile si kifuniko tu. Kina springi na vali, nacho hushikilia maji kwa nguvu ipatayo kilo 0.9 kwa sentimita moja ya mraba, hata maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94. Gari lenye gunzi litatapika maji huko hali injini yake haina ugonjwa wowote, na mwenyewe atauziwa rejeta mpya. Tunapendekeza "mfuniko wa shinikizo". Wako watakaotaka "kanieneo". Hilo ni neno jema la darasani kwa kiasi kinachopimwa, lakini "shinikizo" linamwonya dereva kwamba kuna kitu kimebanwa ndani, na kwamba akifungua kikiwa cha moto kitamrukia usoni.

Mfasiri amekataa usemi wa gereji, "gari limechemsha", akaona ni wa mitaani, na mahali pake akaweka "injini imechemka". Hapa hatukubaliani naye hata kidogo. Kuchemsha ni kitenzi cha kutendesha. Kinachochemshwa ni maji, na usemi huo hauna kasoro ya sarufi. Injini, ambayo ni chuma, haichemki. Tena mwongozo wenyewe unahitaji maneno mawili. Injini iliyovujisha maji yote yaweza kuungua bila ya kuchemsha chochote, na geji ikaonyesha ubaridi kwa kuwa haiguswi tena na maji. Na gari la gunzi, kama tulivyoona, huchemsha bila ya injini kuzidi joto. Kwa hiyo injini na "izidi joto", na gari "lichemshe".

Maelezo ya kutambua chanzo cha ubovu yametupendeza. Joto likizidi kwenye foleni na kushuka barabara kuu, tazama feni na mkanda wake. Likizidi kwenye mlima au mwendo wa kasi, shuku rejeta iliyoziba. "Mpira wa maji" na "gasketi" hatuna la kuongeza. "Oili yenye rangi ya chai ya maziwa" ni maelezo ambayo hakuna atakayeyakosea.

Ila papo hapo panafuata "mnyororo wa muda". Tulilazimika kusoma mara mbili kabla ya kung'amua kwamba ni cheni ya taimingi. Katika injini ya 22R cheni hiyo ikilegea, na viongozi vyake vya plastiki vikivunjika, hukwangua kava lake mpaka ikatoboa njia ya maji, na maji yakaingia katika oili. Aliyedhani huo mnyororo ni habari ya saa atairuka aya hiyo, atafungua silinda hedi na kubadili gasketi, na oili itarudi kuwa chai ya maziwa. Mswada tumeurudisha kwa mfasiri, na aya hiyo tumeitia alama ya kwanza.