Sarufi Mekoni

Miongoni mwa maandishi ambayo mgeni wa lugha huweza kujifunzia, maelekezo ya mapishi, yaani andiko fupi linalotaja mahitaji, vipimo vyake na hatua za kufuatwa tangu moto uwashwe hadi chakula kipakuliwe, hayajapata kupewa heshima kubwa, ingawa ni vigumu kupata andiko jingine linalofichua upesi namna hiyo iwapo msomaji ameelewa au hakuelewa. Mwanafunzi aliyesomewa hadithi asiielewe huweza kuitikia kwa kichwa, kwa adabu, mpaka kengele ilie. Lakini aliyechanganya kijiko cha chai na kijiko cha mezani, ambacho hubeba mara tatu ya kile cha kwanza, kisha akapimia chumvi, huumbuliwa na mchuzi kabla mwalimu hajauliza swali lolote. Kufundisha Kiingereza jikoni, kazi ambayo baadhi ya watu huidhania kuwa ni burudani ya kumalizia wiki, ni ufundi wenye uzito wake.

Sarufi hujitokeza bila kuitwa. Kitenzi cha Kiingereza katika maelekezo ya mapishi huja kitupu, bila nafsi wala wakati, kwa kuwa ni amri, na amri ina faida ya kuweza kujibiwa kwa mkono badala ya mdomo. Ni juu ya ukweli huo ambapo James Asher, mwanasaikolojia wa San José huko California, alijenga katika miaka ya 1960 mbinu ya mwitiko wa mwili mzima, inayomtaka mwanafunzi alisikie agizo na kulitenda kwanza, huku kusema kukisubiri mpaka ulimi uwe tayari. Nomino nazo hujigawa zenyewe juu ya meza: mayai huhesabika, ilhali unga hauhesabiki mpaka upewe chombo, kiwe kikombe au kijiko. Hata vile vijineno viwili vinavyowasumbua wasemaji wa Kiswahili miaka nenda miaka rudi, "a" na "the", hupata sababu ya kuwapo, kwa maana kitunguu kikiwa bado kapuni huitwa "an onion", kitunguu chochote kitakachoangukia mkono, lakini kikishamenywa na kukatwa huwa "the onion", kile kitunguu ambacho kila aliye jikoni amekwisha kukiona na pengine kukililia.

Msemaji wa Kiswahili, kwa mfano mmoja wa wakimbizi wengi kutoka mashariki mwa Kongo waliopewa makazi Marekani, huingia katika darasa la namna hii akiwa na hazina ambayo orodha ya msamiati haiwezi kuipima. Lugha yake ina mpunga shambani, mchele guniani na wali sahanini, na Kiingereza humwambia kwamba vyote vitatu ni "rice". Kwake embe huiva na maharage huiva, lakini Kiingereza humlazimu kutenganisha kuiva kwa jua na kuiva kwa moto. Akisema kwa Kiingereza kwamba ameichoma nyama, na akachagua "burn" kwa kuwa ndilo neno la kwanza alilofundishwa, wenzake watampa pole kwa nyama iliyoungua badala ya kusogeza sahani. Kamusi ingempa maneno mawili au matatu na kumwacha njia panda. Jiko humwonyesha rangi ya nyama na harufu yake, na tofauti ya maneno hayo haihitaji tena ufafanuzi mrefu.

Uhusiano huu wa meko na ubao una historia. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji kadhaa ya Marekani, zilifunguliwa nyumba za huduma za jamii katika mitaa ya wahamiaji, na katika mojawapo ya nyumba hizo, mjini Milwaukee, Lizzie Black Kander alisimamia madarasa ya upishi kwa wasichana wa familia za Kiyahudi zilizotoka Ulaya ya Mashariki. Wasichana hao walinakili maelekezo kutoka ubaoni, kazi iliyokula muda mwingi, hivyo Kander akaomba dola 18 ili yachapishwe. Wanaume wa bodi ya nyumba hiyo walikataa, naye akatafuta fedha kwa matangazo ya wafanyabiashara, na mwaka 1901 zikatoka nakala 1,000 za The Settlement Cook Book, kitabu ambacho kiliendelea kuchapishwa kwa miongo mingi na mapato yake yakasaidia kupata jengo jipya. Darasa lile lilikusudiwa kufundisha upishi, lakini anayeisoma habari hii leo ana haki ya kushuku kwamba ule unakili, ulioonekana kuwa upotevu wa muda, ulikuwa nusu ya somo, kwa kuwa kila neno la Kiingereza lililoandikwa lilikuwa na kitu chake pale pale, kinachoshikika na kunukia. Hata hivyo sifa hizi zisifiche doa moja: nyumba za aina ile mara nyingi zilitaka kumrekebisha mhamiaji, na jiko lililompa lugha mpya liliweza pia kumnong'oneza kwamba chungu cha mama yake kimepitwa na wakati.

Hata leo maktaba ya umma ya Philadelphia, iliyofungua jiko kamili ndani ya jengo lake kuu mwaka 2014, huendesha huko madarasa ya Kiingereza kwa njia ya upishi. Chuo Kikuu cha Newcastle nchini Uingereza kilikwenda mbali zaidi kwa kutengeneza jiko la kidijitali, ambalo vyombo vyake vilikuwa na vitambuzi vilivyoijulisha kompyuta kama mwanafunzi ametenda alichoagizwa. Vifaa hivyo vinavutia, ila moyo wa kazi haumo humo.

Umo katika kujizuia kwa mwalimu. Mpishi hodari hutamani kunyoosha mkono na kukoroga mwenyewe, na msemaji hodari hutamani kumalizia sentensi ya mwenzake. Mwalimu wa jikoni hana budi kuzishinda tamaa zote mbili kwa wakati mmoja. Humpa mwanafunzi mmoja karatasi ya maelekezo na mwingine vyombo, wenye lugha za mama tofauti, ili pengo lililo kati yao lisizibike ila kwa Kiingereza. Hulificha chujio makusudi ili liulizwe. Na huuliza mapema nani hali nini, kwa sababu nyama ya nguruwe au chembe ya karanga inaweza kulifunga somo kabla halijaanza.

Chakula kikishapakuliwa, amri hukoma na maoni huanza. Mwanafunzi huulizwa kwao sombe, yaani majani ya muhogo, hupikwaje, naye hujikuta akitunga maelekezo yake mwenyewe, akieleza kwa nini majani hayo hutwangwa na kwa nini hayatolewi motoni mapema, huku wenzake wakimkatiza kwa maswali. Sufuria wakati huo bado hazijaoshwa, na vitenzi vya kusugua, kusuuza na kufuta vinasubiri kwenye sinki.