Sifa ya Fundi wa Programu Kongwe

Miongoni mwa sanaa zitumiwazo kwa wingi na kusifiwa haba, sijaona iliyopunjwa haki yake kama ile ya fundi aketiye mbele ya kompyuta mpya, akiidadisi programu kongwe kwa nini inagoma leo kuifanya kazi ambayo imeifanya kwa utiifu miaka mingi. Wenye mali husema kwamba programu imezeeka. Dai hilo ni batili, kwa sababu programu haina chuma cha kushika kutu wala ubao wa kuliwa na mchwa. Kila amri iliyotiwa ndani yake siku ya kwanza ingali pale pale, na kilichogeuka ni mazingira: mfumo endeshi umebadilishwa, sheria zimekazwa, na mashine imepata nguvu ambazo mtunzi wa programu hakuziwazia.

Kila atungaye programu huandika amri zake bayana, na chini ya amri hizo huacha masharti asiyoyataja, madhali yeye mwenyewe hajui kwamba ameyaweka. Hudhani kwamba mtumiaji ndiye mmiliki wa mashine nzima, kwamba tarehe daima hutanguliza siku kabla ya mwezi, kwamba diski haitapita ukubwa fulani. Hikma ya fundi ni kulifukua sharti lile lililonyamaziwa, na aghalabu humstaajabisha hata mzoefu. Chukua programu zilizotungwa kwa Turbo Pascal ya kampuni ya Borland. Nyingi kati yao, kila zilipofunguliwa, zilipima kwanza kasi ya mashine kwa kuhesabu kitanzi kitupu kingezunguka mara ngapi katika milisekunde 55, kisha zikaigawanya hesabu ile ili zijue namna ya kungojea. Mashine za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilipofikia kasi ya megahezi 200 na kupita, hesabu ilikua hata jawabu la kugawanya likakosa kuenea katika nafasi ya biti 16 iliyotengewa. Prosesa ikatoa lalamiko lile lile litolewalo kwa kugawanya kwa sifuri, na programu ikafa kwa kosa nambari 200 kabla ya kuonyesha lolote la maana. Iliuawa na wepesi wa mashine! Dawa yake ilikuwa ama kuisahihisha sehemu ile ndogo, ama kuipunguzia mashine mwendo, jambo ambalo programu iitwayo DOSBox hulitenda vizuri hadi leo.

Hata hivyo, mfano unipendezao zaidi ni wa Windows Vista, iliyofikishwa kwa umma Januari 2007. Kabla yake, programu nyingi za hesabu zilizoea kuweka daftari lao ndani ya folda yao wenyewe, katika Program Files, ambako makarani wengi waliandika wapendavyo. Vista ilimzuia mtumiaji wa kawaida kuandika mahali hapo. Lakini, ili isiziangamize programu za zamani, ilizifanyia hadaa ya upole: ilipokea maandishi yao, ikayahamishia kwa siri katika folda iitwayo VirtualStore, ambayo kila mtumiaji ana yake. Matokeo yake yaweza kuwa fitina kubwa. Karani wa asubuhi huandika stakabadhi zake zote kwa uaminifu. Wa jioni huingia kwa jina lake mwenyewe na asione hata moja. Tajiri naye hushuku wizi. Akija mtu wa pupa, akaamuru programu iendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi, hadaa ile huondoka, na panapotazamiwa suluhu hufunguka daftari la tatu, la kale, lililoachwa katika Program Files tangu siku ya kuwekwa. Fundi wa kweli haikimbilii amri hiyo, ambayo ni sawa na kumkabidhi mgeni funguo za nyumba nzima kwa sababu amekosa mlango wa jikoni. Hutafuta kwanza madaftari yote, huyanakili, huyalinganisha, kisha huipa programu ruhusa ya folda moja tu iihitajiyo. Mtu wa namna hiyo amerekebisha mashine, na fauka ya hayo ameokoa heshima ya makarani wawili.

Chombo chake kikuu ni Process Monitor, kitokacho katika mkusanyo wa Sysinternals, ambacho huorodhesha kila faili na kila ingizo la rejista ambalo programu imeligusa au kunyimwa. Mistari huwa maelfu. Asiye na basira hukamata kunyimwa kwa kwanza aonako na kudhani amepata ila, ilhali programu iliyo nzima nayo hunyimwa mara nyingi, kwani hulitafuta faili moja katika folda kadhaa kabla ya kulipata. Kujua ni katazo lipi lenye maana ndiko kunakomtenga fundi na mbahatishaji. Na akishalijua, hubadili jambo moja, akajaribu, ndipo akabadili la pili.

Si kila programu huokoka. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16, na msiba mchungu ni wa programu iliyo ya biti 32 yenyewe, lakini kisakinishi chake ni cha biti 16, hata ikafungiwa nje ingawa ingefaa. Kwa upande wa Apple, macOS Catalina ya 2019 ilizikata zote za biti 32. Hapo hubaki kuuweka mfumo wa zamani ndani ya mashine pepe, mbali na intaneti, au kumwambia mwenye mali bila ya kumzungusha kwamba data yake ihamishwe. Namheshimu fundi asemaye hivyo mapema, kabla ya kupokea malipo ya kazi isiyowezekana.

Basi, msomaji, ikiwa riziki yako inategemea programu ya namna hii, tunza diski zake na nambari yake ya leseni, nakili data pamoja na iliyomo katika VirtualStore, na fundi akifika, mweleze siku ya mwisho ilipofanya kazi sawasawa na kilichobadilishwa katika mashine tangu siku hiyo.