Kipimamvua si Kibodi: Namna ya Kuielezea Linux Swichi na Ishara

Ukishuka kutoka mashamba ya chai ya Manyatta hadi nyanda kavu za Mbeere, unabaki ndani ya Kaunti ya Embu, lakini mvua si ile ile. Meru nako, anayelima Imenti karibu na mlima na anayelima pande za chini hawapati msimu sawa. Kituo kimoja cha hali ya hewa hakiwezi kusemea kaunti nzima, kwa hiyo tunahitaji vipimamvua vingi, vya bei nafuu na vinavyojiendesha. Usahihi wake ni suala la pesa. Tangu mwaka 2009, mradi wa Kilimo Salama ulipoanza kuwauzia wakulima wa Kenya bima inayolipa kwa kufuata mvua iliyorekodiwa na vituo vinavyojiendesha, milimita zimekuwa ushahidi. Zikihesabiwa mara mbili, ukame wa mkulima wa ndengu hauonekani kwenye hesabu.

Chukua kipimamvua cha kawaida cha ndoo inayopinduka, kilichounganishwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inayotumia Linux. Maji yakijaa kiasi cha milimita 0.2 za mvua, ndoo hupinduka, sumaku iliyo juu yake hupita mbele ya swichi, na swichi hufunga kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mapinduko matano ni milimita moja. Kazi iliyobaki ni kuiambia kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kwamba swichi hiyo ipo.

Ugumu unaanzia hapo. Kifaa cha USB kikichomekwa hutaja nambari ya mtengenezaji na ya bidhaa, na kerneli ikachagua programu ya kukiendesha. Swichi haina cha kutaja. Pini ya kompyuta iliyounganishwa nayo inaonyesha volti 3.3 au sifuri, basi. Volti hizo zinaweza kuwa mvua, kitufe cha kuzimia mashine au waya uliokatika. Lazima mtu aandike.

Zamani maandishi hayo yaliwekwa ndani ya kerneli yenyewe, kwa lugha ya C. Kila bodi yenye prosesa ya ARM ilikuwa na faili lake, na faili hizo zikaongezeka hadi Linus Torvalds alipolalamika hadharani mwaka 2011. Dawa haikuwa ngeni. Kompyuta za Sun na baadaye za PowerPC zilikuwa zimetumia mti wa vifaa, mpango uliotokana na Open Firmware, ambao mwaka 1994 uliwekwa kwenye kiwango cha IEEE 1275. Ulimwengu wa ARM ukauchukua. Maelezo ya bodi yakatoka kwenye kerneli na kuwa faili la maandishi ambalo programu iitwayo dtc huligeuza kuwa faili la binari. Mashine ikiwaka, kipakiaji huikabidhi kerneli faili hilo kabla ya kazi nyingine yoyote. Simu nyingi za Android zilizoko mifukoni mwa watu sokoni Gakoromone zinawaka kwa njia hiyo hiyo.

Maelezo ya kipimamvua chetu ni mistari michache:

kipimamvua {
    compatible = "interrupt-counter";
    gpios = <&gpio 17 GPIO_ACTIVE_LOW>;
};

Mstari wa compatible unataja aina ya kifaa, na kerneli huutumia kutafuta programu ya kukiendesha. Mstari wa gpios una mambo matatu. La kwanza ni kidhibiti kinachomiliki pini. La pili ni nambari 17, na hapa wengi hukosea: 17 ni nambari ya ndani ya chipu, ilhali kwenye safu ya pini 40 za Raspberry Pi waya huo unachomekwa pini ya 11. Anayeandika 11 ataipa kerneli pini nyingine kabisa, na hakuna onyo litakalotokea.

La tatu ni mwelekeo wa ishara. Upande mmoja wa swichi umeungwa na ardhi ya saketi, wa pili na pini, na rezista inaivuta pini juu hadi volti 3.3. Swichi ikiwa wazi, pini iko juu. Ikifunga, pini inaanguka hadi sifuri. Kwa hiyo swichi iliyofunga huonekana kama volti ya chini, na GPIO_ACTIVE_LOW inasema hivyo. Ukilinyamazia jambo hili hapa, kila programu itakayosoma hali ya pini italazimika kukumbuka kuigeuza, na siku moja mojawapo itasahau.

Neno interrupt-counter lina uzito wake. Programu inayokagua pini kila sekunde itakosa mapinduko mengi, kwa kuwa swichi hufunga na kufunguka kabla ya ukaguzi unaofuata. Ishara ya kukatiza inageuza utaratibu: volti ikibadilika, chipu yenyewe inaikatiza prosesa, na kerneli inaongeza moja kwenye hesabu. Linux ina programu hii ya kuhesabu tangu toleo 5.13 la mwaka 2021. Hesabu inasomwa kama faili la kawaida chini ya /sys/bus/counter, baada ya kuiwasha.

Sasa tufike kwenye uamuzi mgumu. Vipande vya chuma vya swichi havigusani mara moja vikatulia. Vinadundadunda kwa milisekunde kadhaa, na kila mdundo unaweza kuhesabiwa kama pinduko jipya. Milimita 10 zinaweza kusomeka 20. Programu ya interrupt-counter haichuji midundo. Ile ya gpio-keys, iliyoandikiwa vitufe, inachuja: unaandika debounce-interval na idadi ya milisekunde, basi. Ndiyo maana wapo wanaokitangaza kipimamvua kuwa kitufe cha kibodi. Kila ndoo ikipinduka, Linux inaamini mtu amebonyeza.

Njia hiyo inafanya kazi, lakini naipinga. Mti wa vifaa unapaswa kueleza kilichoungwa kwenye waya, si hila iliyomfaa mwandishi wake. Kerneli haina njia ya kukuhakiki, na inajenga kila kitu juu ya neno lako. Fundi atakayefungua faili hilo miaka mitatu baadaye atasoma “kitufe” na kukitafuta kitufe kisichokuwepo. Programu nyingine inayosikiliza vitufe inaweza kuichukulia mvua kuwa amri.

Suluhisho la kweli liko mahali tatizo lilipo, kwenye saketi. Rezista ya kilo-omu 10 pamoja na kapasita ya mikrofaradi 1 hutoa muda wa milisekunde 10, unaotosha kulainisha midundo ya swichi nyingi kabla haijafika kwenye pini. Rezista ndogo ya mfululizo huzuia kapasita isimwage chaji yote kupitia swichi kwa ghafla na kuiharibu. Ni vipande vitatu vya bei ndogo, na baada yake maelezo yanabaki ya kweli: hiki ni kihesabio.

Ustadi huu uko karibu nasi. Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kimepima kina cha mto Muringato kwa vihisi kilivyoviunda. Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia, Nchiru, na Chuo Kikuu cha Embu viko katikati ya maeneo yanayohitaji vipimo hivi. Mwanafunzi anayejua kuandika mti wa vifaa hahitaji kuijenga upya kerneli nzima wala kumngoja muuzaji wa ng’ambo. Akihamisha waya kutoka pini moja hadi nyingine, anabadilisha nambari moja na kuendesha dtc.

Kwa hiyo kila kituo cha mvua kinachotoa takwimu za kuamua malipo ya mkulima kinapaswa kuhifadhi faili la mti wa vifaa pamoja na mchoro wa nyaya zake, wazi kwa yeyote anayetaka kukagua. Kisha fundi amimine kwenye kipimamvua maji ya kiasi kinachojulikana, na alinganishe mapinduko na hesabu ya kerneli. Zikitofautiana, kipimo hicho kisitumike kumnyima mtu fidia hadi kasoro ipatikane.