Adabu Iliyomo Katika Kihispania cha Kila Siku

Katika masoko ya mitaa ya Hispania, mbele ya bucha au meza ya samaki, mara nyingi huoni mstari. Wateja wamesimama popote palipo na nafasi. Mmoja anachagua nyanya kwenye meza ya jirani, wawili wanapiga soga. Anayefika hatafuti pa kujipanga, anauliza kwa sauti, “¿Quién da la vez?”, nani anatoa zamu? Aliyetangulia kufika kabla yake anajibu “Yo”, mimi, na papo hapo zamu inahamia kwa mgeni, anayeishika mpaka atokee mwingine aulize. Havana nako, watu wakisubiri dukani au kituoni, husikika “¿El último?”, wa mwisho nani? Foleni ipo, inaheshimiwa, na anayeirukia ataambiwa. Ila imepangwa kwa maneno.

Hakuna neno gumu katika “¿Quién da la vez?”. Mwanafunzi wa miezi michache anayajua yote manne. Hata hivyo anaweza kusoma miaka, akafaulu mtihani wa ngazi ya juu, C1, akasoma na riwaya, kisha akasimama sokoni asijue la kusema. Ndiyo maana naamini Kihispania cha juu, kile cha kuzungumza na watu kila siku, hakipimwi kwa uzito wa msamiati. Kinapimwa kwa vijisentensi vyepesi ambavyo wenyewe wamevizoea, na ukivitazama kimoja kimoja utaona vingi vimeundwa ili kumtunza mwenzako: asijione anaamrishwa, asionekane mkosaji, asihisi anafukuzwa. Kuvijua vyema ni ufundi kamili.

Tazama kaunta ya mkahawa mmoja wa Madrid asubuhi. Vitabu vya kwanza humfundisha mwanafunzi kusema “Quiero un café”, nataka kahawa. Baadaye humpandisha daraja aseme “Quisiera un café”, ningependa kahawa. Sarufi ni safi kote kuwili. Lakini mwenyeji aliyeegemea kaunta anasema, “¿Me pones un café con leche, cuando puedas?” Waniwekea kahawa ya maziwa, ukipata nafasi? Neno la “tafadhali” halimo, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Ombi limekuja kama swali. Kitenzi kilichochaguliwa, poner, kuweka, kinataja kazi ya mikono ya mhudumu na kuacha kando hamu ya mteja. Kisha yale maneno mawili ya mwisho yanakiri kwamba wateja ni wengi na mhudumu ni mmoja. Akimaliza kunywa, mteja huyo huyo atauliza “¿Me cobras?”, neno kwa neno “unanitoza?”, na malipo nayo yanakuwa ombi.

Vuka bahari uende Bogotá, na ufundi huo huo unafanywa kwa njia nyingine. Pale mteja husema, “¿Me regala un tinto?” Regalar ni kutoa zawadi, na tinto ni kahawa nyeusi. Anaomba azawadiwe kahawa ambayo wote wawili wanajua italipiwa. Biashara inabaki biashara, lakini inazungumzwa kwa lugha ya ukarimu, tena kwa usted, nafsi ya heshima, ambayo watu wa huko huitumia hata kwa jamaa na marafiki. Ukiichukua sentensi hiyo jinsi ilivyo ukaipeleka Madrid, utakuwa umeomba divai nyekundu ya bure.

Umaridadi mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko pale jambo linapoharibika. Glasi imedondoka jikoni kwa watu. Mwanafunzi anatafuta kitenzi cha kuvunja, anakipata, anasema “Rompí el vaso”, nilivunja glasi. Ni kweli, lakini anasikika kama anayetoa ushahidi dhidi ya nafsi yake. Mhispania atasema “Se me ha roto el vaso”. Wa Mexico au Peru, “Se me rompió el vaso”. Glasi ndiyo iliyovunjika, na mimi ndiye iliyenivunjikia. Mtu hajifichi, kwani ametajwa mle mle ndani kwa hilo me dogo, ila anatajwa kama aliyefikwa na jambo. Kwa mtindo huo huo funguo hupotea, “se me perdieron las llaves”, na jambo hutoka akilini, “se me olvidó”. Ugumu wake ni huu: kitenzi hakimfuati mtu, kinafuata kitu. Ufunguo ukiwa mmoja ni perdió, zikiwa nyingi ni perdieron, hata kama aliyepotelewa ni yule yule. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana akiba ambayo wengine hawana. Anayesema kila siku “nimepotelewa na funguo” na “gari limeniharibikia” ameshazoea kuusema mkasa kwa upande wa aliyepatwa. Kilichobaki ni kuzoeza ulimi.

Kukataa nako kuna namna yake. Mtu amekualika chakula cha usiku na huwezi kwenda. “No puedo” tupu, siwezi, huacha ukimya mezani. Mwenyeji anasema, “Uy, me encantaría, pero es que mañana madrugo.” Ningefurahi mno, ila ndiyo hivyo, kesho naamka alfajiri. Hiyo es que ni silabi mbili tu, lakini inatangaza kwamba sababu inakuja na kwamba sababu hiyo haimhusu aliyealika. Neno “hapana” halikutamkwa. Aliyealika amelielewa mwenyewe, naye anajibu “Bueno, otro día”, haya, siku nyingine. Hakuna aliyeshindwa. Kuomba nako ni vivyo hivyo: anayetaka kuuliza jambo hurudisha kitenzi nyuma, “Quería preguntarte una cosa”, sawasawa na sisi tunavyosema “nilikuwa nataka kukuuliza kitu” ilhali tunataka sasa hivi. Wakati uliopita unaliweka ombi mbali kidogo, ili anayeombwa asibanwe.

Kisha kuna kazi ya msikilizaji, ambayo wanafunzi wengi huisahau kwa kuwa wanashughulika kutunga sentensi yao inayofuata. Kwa Kihispania, kunyamaza kimya mtu anaposimulia ni kumwacha peke yake. Msikilizaji mzuri anaitikia: “claro”, naam, ndivyo, “no me digas”, usiniambie, “menos mal”, afadhali, “qué va”, wapi!; “¡anda!”, kumbe! Kidogo kuliko vyote ni “ya”, na ndicho kinachohitaji sikio zaidi. Kikitamkwa kwa sauti ya chini, kifupi, kinasema nakuelewa, pole. Kikivutwa, “yaaa”, kinasema sijaamini bado. Aliyekulia penye hadithi za jioni, ambako msimulizi hawezi kuendelea bila “ehee” ya wasikilizaji, anaijua kazi hii tayari. Abadilishe vitikio tu.

Na kuagana. Simu ya kirafiki haikatwi kwa kwaheri ya ghafla. Mmoja anasema “Bueno, pues nada”, na maneno hayo, ambayo ukiyachambua hayabebi chochote, yanamjulisha mwenzake kwamba mazungumzo yameanza kufungwa. Kisha, “Te dejo, que tendrás cosas que hacer”, nakuacha, maana utakuwa na shughuli zako. Anayetaka kwenda ndiye anayeaga, lakini sababu ameiweka upande wa mwenzake kama kumhurumia. Zinafuata “venga, venga, hasta luego”, kama “haya, haya basi” za kwetu, mpaka wote wawili wawe wameridhika kwamba hakuna aliyeachwa njiani.

Wapo waliotumia miaka mingi kuyaokota maneno ya namna hii, na nawaheshimu sana. Mmoja alikuwa mgeni. Werner Beinhauer, Mjerumani, alichapisha mwaka 1930 kitabu kizima kuhusu Kihispania cha mazungumzo, na mwaka 1963 shirika la uchapishaji la Gredos mjini Madrid likakitoa kwa Kihispania kwa jina El español coloquial. Hakukipanga kwa sura za sarufi. Alipanga kwa kazi ambazo watu huzifanya wakizungumza: jinsi wanavyofungua mazungumzo, wanavyooneshana adabu, wanavyotoa hisia zao, wanavyofunga kauli. Wahispania wenyewe wakajifunza kutoka kwa mtu aliyeisikia lugha yao kwa masikio ya mwanafunzi.

Mwingine ni María Moliner, mkutubi aliyezaliwa mwaka 1900 katika kijiji cha Paniza, mkoa wa Zaragoza. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe serikali ya Franco ilimshusha cheo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa bado mwajiriwa, alianza kuandika kamusi nyumbani, kadi moja baada ya nyingine, nje ya saa za kazi. Ilimchukua takriban miaka 15. Gredos ikaitoa kwa juzuu mbili, mwaka 1966 na 1967: Diccionario de uso del español, kamusi ya matumizi. Jina hilo ndilo thamani yake. Moliner hakuridhika kueleza neno lina maana gani. Alitaka msomaji aone linaandamana na maneno gani, linaingia katika misemo ipi, nani hulisema katika hali gani. Mwaka 1972 jina lake lilipendekezwa kwa kiti katika Chuo cha Kifalme cha Lugha ya Kihispania, akachaguliwa mwingine. Kamusi yake ingali inatumika, na imeendelea kuchapishwa upya.

Njia yao ndiyo ninayompendekezea anayejifunza leo. Usiandike neno na maana yake. Andika sentensi nzima jinsi ilivyotamkwa, na kando yake nani alimwambia nani, wapi, na baada ya kusikia nini. Aliye mbali na wenyewe asome El Jarama, riwaya ya Rafael Sánchez Ferlosio, iliyoshinda tuzo ya Nadal ya mwaka 1955, ambamo vijana wa Madrid wanazungumza Jumapili nzima kando ya mto. Ni shule ya kusikiliza iliyo ndani ya kitabu. Na usiache kuandika mahali. Sehemu ambapo Madrid watakubali kwa “vale”, Bogotá watasema “listo”, Mexico “órale”, Buenos Aires “dale”. Zote ni “haya, sawa”, lakini kila moja ina kwao, na kuitumia kwao ni kuonesha kwamba uliwasikiliza watu wa pale hasa.

Kihispania ni lugha rasmi ya Umoja wa Afrika kama kilivyo Kiswahili, na huko Guinea ya Ikweta ni lugha ya shule na ofisi, kwa hiyo Mwafrika anayekisoma hafuati mambo ya mbali. Akisome kwa bidii, sarufi yake yote. Ila siku atakapotaka kujua amefika wapi, asihesabu maneno aliyokariri. Ajiulize kama anaweza kukataa mwaliko na bado akaalikwa tena, kuvunja glasi bila kumfadhaisha mwenye nyumba, na kumsikiliza mtu mwenye shida akamwitikia kwa “ya” iliyo sahihi. Akiyaweza hayo, anazungumza Kihispania.