Hedifoni Ambazo Sikuwahi Kuvaa

Kuna mwaka niliandika kuhusu hedifoni arobaini na kitu. Niliyoivaa kichwani ni moja tu, tena ilikuwa ya jirani, na upande wa kushoto ulikuwa umekufa.

Kazi ilikuwa hivi. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imenishinda, na kama vijana wengi Nairobi wenye laptopu na Kiingereza cha kutosha, nikaingia kwenye uandishi wa mtandaoni. Mteja alikuwa Marekani. Jina lake sikulijua, nilijua herufi mbili za akaunti yake tu. Alikuwa akinitumia kichwa, mathani hedifoni 10 bora chini ya dola 100, pamoja na maagizo: maneno 1,500, nafsi ya kwanza, kila bidhaa iwe na mazuri manne na mabaya mawili. Mabaya yasiwe ya kumtisha mnunuzi. "Waya ni mfupi kidogo" ilikubalika. "Wengi wanalalamika zinaharibika baada ya miezi mitatu" ilirudishwa nirekebishe. Malipo yalikuwa senti moja ya dola kwa neno. Dola 15 kwa makala, na kodi ya keja inasogea pole pole.

Habari nilizitoa wapi? Nilianza na vipimo vya kampuni yenyewe. Nikasoma maoni ya wanunuzi, wale wa nyota mbili na wale wa nyota tano. Halafu nikasoma riviu za waandishi wengine, ambao siku hizi nashuku nao walikuwa wanasoma za wengine. Mwisho natia chumvi: nilizivaa kwenye treni ya chini ya ardhi nikienda kazini, kelele zote zikapotea. Mimi sijawahi kupanda treni ya chini ya ardhi. Hayo niliyaandika nikiwa kitandani Rongai, jenereta ya kinyozi wa chini ikiunguruma hadi kikombe kinatetemeka mezani.

Shuleni tulifundishwa kuhakiki riwaya: maudhui, ploti, wahusika, mbinu za lugha. Hakuna aliyetufundisha kuhakiki riviu, ilhali ndiyo maandishi ambayo wengi wetu tunasoma kabla ya kutoa pesa. Sasa acha niihakiki moja. Niko na sifa za kufanya hivyo, maana niliziandika.

Msimulizi ni "mimi", mtu wa kawaida aliyechoka na vitu feki. Ploti ni ile ile: anatilia shaka, anafungua boksi, anashangaa, anakuta kasoro ndogo, anatoa baraka. Usiipuuze hiyo kasoro ndogo. Ndiyo mbinu kuu ya kazi nzima. Msomaji akiona umelalamika kuhusu waya anasema, huyu ni mkweli, na hapo anaumeza ule usifu uliobaki bila kutafuna. Kasoro inanunua imani kwa bei ya chini kabisa.

Halafu angalia vivumishi. "Sauti ya hali ya juu." "Sauti safi." "Besi inayokupeleka dunia nyingine." Hakuna hata kimoja unachoweza kukikanusha. Kiswahili kina maneno makali zaidi ya hayo: sauti ya puani, sauti ya kukwaruza, sauti nyembamba, besi inayovuma hadi inafunika maneno ya mwimbaji. Nikikuambia spika hii inamfanya mwimbaji asikike kama ana mafua, unaweza kwenda dukani, ukaweka wimbo unaoujua vizuri, ukasema nimekosea. Neno linaloweza kukosewa ndilo neno la mtu aliyesikiliza. Mimi sikuwa nayaandika hayo kwa sababu sikuwa nimesikia kitu.

Na hakuna aliyenihonga. Hapo ndipo watu hukosea wakizungumza kuhusu hawa wahakiki wa vifaa. Wanatafuta bahasha. Mteja wangu alikuwa na kiungo chini ya kila bidhaa. Ukikibonyeza ukanunua, duka la mtandaoni linamkatia asilimia fulani. Usiponunua, hapati kitu. Kwa hivyo makala inayosema "zote kumi ni takataka, kaa na pesa zako" haikuwa na njia ya kulipa. Hakuhitaji kuniambia nidanganye. Mpangilio wa malipo ulikuwa umeshanidanganyia kila kitu. Yule anayepewa kifaa bure na kampuni yuko pale pale: akikikandia, kijacho hakimfikii, wenzake wanakionyesha wiki ya kwanza na yeye anaonyesha ukuta. Wahenga walishasema mkono mtupu haulambwi.

Tatizo hili si la kizazi cha simu. J. Gordon Holt alikuwa akifanya kazi katika jarida la High Fidelity huko Marekani, akachoshwa na jinsi watangazaji walivyowekewa heshima kuliko wasomaji. Mwaka 1962 akaanzisha lake, Stereophile, mwanzoni bila matangazo ya watengenezaji, likitegemea ada za wasomaji. Alisikiliza vifaa na kueleza alichosikia. Jina akapata, pesa hakupata. Matoleo yalichelewa hadi wasomaji wakazoea kungoja. Mwaka 1982 akaliuza. Jarida lipo hadi leo, linatoka kwa wakati, na limejaa matangazo ya kampuni zile zile zinazohakikiwa ndani yake. Sisemi wahakiki wake ni waongo. Nasema hata aliyekimbia watangazaji, jarida lake liliishia mikononi mwao, kwa sababu wasomaji hawakutosha kulilipia.

Wapo waliokaa upande wa pili hadi mwisho, na bei waliilipa. Consumers Union, kama lilivyoitwa wakati huo, ni shirika la Marekani lililoanzishwa 1936. Jarida lake, Consumer Reports, halichukui matangazo, na vitu linavyopima linavinunua dukani kama mteja yeyote. Mwaka 1970 lilihakiki spika kadhaa, mojawapo Bose 901. Hiyo ilikuwa spika ya ajabu: ndani ina spika ndogo tisa, moja inakutazama wewe na nane zinatazama ukuta, ili sauti igonge ukuta kwanza ndipo ikufikie. Wahakiki wakaandika kwamba ala zilisikika kubwa kupita kiasi, fidla kama ina upana wa futi 10, na kwamba sauti zilielekea kuzurura chumbani.

Bose wakashtaki. Kesi ikageuka darasa la sarufi. Mhandisi aliyesikiliza spika hizo alipohojiwa kortini alieleza kwamba sauti zilikuwa zikitembea kando ya ukuta, baina ya spika mbili. Sasa kama ni kando ya ukuta, mbona ukaandika chumbani? Mwalimu wangu wa Kiswahili angefurahi sana: tofauti ya "mle" na "pale", watu wazima wakiigombania na mawakili. Jaji wa kwanza aliona mhandisi alijua anaandika uongo. Mahakama ya rufaa ikapindua uamuzi huo. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamaliza, majaji 6 kwa 3, upande wa jarida: kukosea neno unapojaribu kueleza ulichosikia si sawa na kusema uongo makusudi.

Miaka 14 kutoka makala hadi uamuzi. Na angalia ni nani aliyeshtakiwa. Si aliyepewa spika bure akaandika "sauti ya hali ya juu". Ni aliyenunua spika kwa pesa zake, akasikiliza, akathubutu kutumia neno linaloweza kukosewa. Ningekuwa nafundisha uandishi, hiyo ndiyo kesi ningeanza nayo.

Lakini kununua mwenyewe hakutoshi, maana sikio nalo linahongeka, tena kwa maneno matupu. Mobile Fidelity ni kampuni ya Marekani inayotoa upya santuri za zamani, na wapenzi wa sauti walizilipia ghali wakiamini hazijapitia dijitali mahali popote. Julai 2022, mwenye duka moja la santuri jijini Phoenix alitoa video akisema ameambiwa sivyo ilivyo. Wahandisi wa kampuni wakakiri: kuanzia 2011, santuri kadhaa zilikuwa zikitengenezwa kupitia faili za dijitali. Wanunuzi wakaenda kortini, na mapatano yakafika kama dola milioni 25. Kinachonikaa kichwani si hizo pesa. Kwa zaidi ya miaka 10, wajuzi wenye vifaa vya bei ya gari walizisikiliza santuri hizo na kuzisifu kwa kukosa dijitali. Siri ilipotoka, haikutoka kwenye sikio la mtu. Ilitoka mdomoni.

Hawakuwa wamehongwa. Walikuwa wameambiwa kabla ya kusikiliza.

Haya yote yangebaki stori za mbali kama si rafiki yangu mmoja, emsii wa ruracio na bathdei. Mwaka jana zamu yake ya chama ilifika, 38,000, baada ya kungoja miezi kumi na moja. Alitaka spika yake mwenyewe aache kukodi. Akanipigia.

"Buda, si wewe huandikanga hizo vitu? Niambie gani iko fiti."

Nilinyamaza hadi akadhani laini imekatika. Arobaini na kitu, na sikuwa na jibu hata moja la kumpa mtu ninayemjua. Nikamwambia tukutane Luthuli Jumamosi, na aje na maiki yake.

Duka la kwanza, muuzaji alifanya kile wauzaji wa spika hufanya dunia nzima. Ya bei ya chini aliipiga kwa sauti ya wastani. Ya 38,000 akaipandisha. Sikio la binadamu likisikia sauti iliyopanda kidogo tu halisemi "hii imeongezwa", linasema "hii ni nzuri". Fletcher na Munson wa Bell Labs walipima mwaka 1933 jinsi sauti ikiwa chini tunavyopoteza besi kuliko sauti za katikati, na ikipanda besi inarudi. Kwa hivyo spika yoyote ikipandishwa inaonekana imeokoka.

Kwenye rafu ya chini kulikuwa na wufa ya nyumbani imeandikwa wati 10,000 PMPO mbele, kwa herufi za dhahabu. Niliigeuza. Nyuma, karibu na waya wa stima, kibandiko kidogo kikasema inatumia wati 80. Hiyo PMPO haina kipimo kinachokubalika popote, kila mtu anajiandikia. Soketi ya nyumbani ya volti 240 na ampea 13 haitoi zaidi ya wati 3,120, hata ukiiombea. Tuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inayokataza madai ya uongo kuhusu ubora wa bidhaa. Wufa haijaisoma.

Tulifanya hivi. Emsii aligeuka akatazama barabara. Mimi nikasawazisha sauti za spika mbili kwa programu ya simu, nikawa nabadilisha bila kumwambia ni ipi. Hatukutumia wimbo wa duka. Tulitumia sauti yake mwenyewe, akiwaita wazee wa upande wa bibi harusi wakae chini, maana hiyo ndiyo kazi spika ingefanya. Mara nne kati ya tano alichagua ile ya 31,000.

"Bosi, mnanunua ama mnafanya mtihani?" muuzaji akauliza.

Tulinunua. Sijui kama itadumu. Nitajua ikifika mwaka, na hilo ni jambo lingine ambalo riviu ya wiki ya kwanza haiwezi kukuambia.

Najua mtakachoniuliza: mwandishi mdogo wa Nairobi atanunua hedifoni 40 na pesa gani? Hawezi. Basi asiandike kuhusu 40. Aandike kuhusu tatu: yake, ya jirani, na ile aliyoazima wiki mbili akairudisha. Hiyo "bora 10" tumezoeshwa na watu wanaolipwa kwa viungo kumi. Na sisi wasomaji tunaotaka kila kitu bure tukubali kwamba kuna mtu analipa mahali, na anayelipa ndiye anayeandikiwa.

Ukisoma riviu, tafuta mambo manne. Kifaa kimelipiwa na nani. Amekaa nacho muda gani. Amekilinganisha na nini, na je, alijua anasikiliza kipi. Wewe ukinunua, yeye anapata nini. Yasipokuwepo, unasoma kazi ya ubunifu, na labda iliandikwa na mtu aliye kitandani Rongai.

Nami nitaje yangu. Makala hii haina kiungo, na hakuna duka wala kampuni iliyonipa kitu. Ile riviu ya mwisho ya herufi mbili nilishaitumia na kulipwa, na iko mtandaoni hadi leo ikiuza hedifoni. Niliandika kumwomba aitoe, hakujibu. Siku ile ya Luthuli, emsii alininunulia chipsi na soda baada ya kununua spika. Kwa hivyo nikisema alichagua vizuri, mjue nilikula.