Nguvu, Inveta na Kiyoyozi cha Dirishani

Neno kiyoyozi limekwisha kukubalika. Mitaani eisi bado inatamba, lakini katika maandishi rasmi hakuna tena haja ya kulipigania. Tunalokusudia kuhakiki hapa ni ukoo wa maneno yanayolizunguka: yale yanayotumika katika makaratasi ya maelekezo, matangazo ya maduka na orodha za ununuzi, kumweleza mtu achague kiyoyozi kipi cha chumba kimoja kisichokula umeme mwingi. Maneno hayo, kwa maoni yetu, yamefasiriwa kwa haraka, na gharama ya haraka hiyo humwangukia mlipaji.

Tuchukue mfano wa Mlowo, mji wa wilaya ya Mbozi ulio kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Msomaji wa Dar es Salaam atauliza: kiyoyozi Mlowo cha nini, mahali ambapo mwezi wa Julai watu hutafuta makoti? Swali hilo ni la haki, na kwa nyumba nyingi za huko jibu ni kwamba hakihitajiki. Lakini chumba cha dawa kina sheria yake. Dawa nyingi huandikwa zisihifadhiwe katika joto linalozidi sentigredi 30, nyingine 25, na chumba kidogo chini ya bati, mchana wa Oktoba, hakijali kwamba mji uko nyanda za juu. Karani atakayeandika mahitaji ya chumba hicho ndiye tunayemfikiria.

Neno la kwanza litakalompoteza ni nguvu. Karatasi moja tuliyoipitia ilikuwa na "nguvu 9,000" mstari wa juu na "nguvu 900" mstari wa chini, pasipo maelezo. Namba ya kwanza ni kiasi cha joto ambacho mashine huondoa chumbani kwa saa moja, kwa kipimo cha BTU. Ya pili ni wati za umeme inazovuta. Ni mambo mawili yasiyofanana, nayo yamevikwa kanzu moja. Tena, maadam katika Kiswahili nguvu ni sifa njema, msomaji huamini kuwa mashine yenye nguvu zaidi ndiyo bora. Sivyo. Mwongozo wa kawaida wa Marekani hukipa chumba cha futi 12 kwa 12 kiyoyozi cha BTU 5,000 hivi kwa saa, ukiongeza kidogo chumba kikipigwa sana na jua. Kikizidi mno, hupoza upesi na kuzima kabla hakijakausha unyevu wa hewa. Chumba huwa baridi na chepechepe, hali isiyofaa kwa maboksi ya dawa.

Tunapendekeza la kwanza liitwe uwezo wa kupoza, na la pili umeme unaovutwa. Hapo ndipo neno ufanisi linapopata maana inayopimika: ni la kwanza kugawanywa kwa la pili. Kiyoyozi cha 9,000 kinachovuta wati 900 kina ufanisi wa 10. Kinachovuta wati 750 kina ufanisi wa 12. Vyote vikifanya kazi hiyo kwa saa 8 kila siku, tofauti yao kwa siku 30 ni uniti 36. Mtu wa Mlowo anayenunua umeme wa LUKU halihitaji neno kilowati-saa ili aelewe hesabu hiyo. Uniti anaijua, na mfasiri hana sababu ya kuidharau. Usemi "kiyoyozi kinachookoa umeme" haumwambii lolote, kwa kuwa kila muuzaji huutumia kwa kila mashine. Kenya wamekwepa maneno na kutumia nyota: kwa kanuni za mwaka 2016, viyoyozi ni miongoni mwa vyombo vinavyobandikwa lebo, na nyota zikizidi ufanisi umezidi.

Vivyo hivyo tuachane na "kuzalisha baridi". Wati 900 za umeme huhamisha joto la wati 2,600 na ushei, jambo ambalo lingekuwa muujiza kama mashine ingekuwa inatengeneza kitu. Haitengenezi, inalichukua joto la ndani na kulitupa nje.

Tani nayo ina kisa chake. Kiyoyozi cha tani moja hakina uzito wa tani. Kipimo hiki kilitokana na barafu: ni kasi ya kuondoa joto inayolingana na kuyeyuka kwa tani moja ya Kimarekani ya barafu kwa saa 24, yaani BTU 12,000 kwa saa. Katika hati ya ununuzi kifutwe, namba yenyewe iandikwe.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni inveta. Kwa Mtanzania mwenye umeme wa jua, inveta ni kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uweze kuwasha televisheni. Akiambiwa "kiyoyozi cha inveta" ataelewa kwamba kinatumia betri, au kwamba umeme ukikatika kitaendelea. Kumbe maana ni kwamba kompresa yake hupunguza na kuongeza mwendo kulingana na joto, badala ya kuwaka na kuzima kila mara, na kwa sababu hiyo hutumia umeme kidogo. Tungependelea kiyoyozi cha mwendo badilifu. Ni refu, tunakiri, ila halimwahidi mtu betri isiyokuwapo.

Kuhusu cha dirisha na cha dirishani, tunasimama na la pili: kinakaa dirishani, hakilipozi dirisha. Na asiandike mtu kwamba "huleta hewa safi kutoka nje". Aghalabu huizungusha hewa ileile ya chumbani, na nafasi zinazoachwa pembeni mwa fremu zisipozibwa, hesabu yote ya ufanisi tuliyoifanya juu huvuja.

Mwisho, feni isiitwe kipoza hewa. Feni haipunguzi joto la hewa. Huusaidia mwili kukausha jasho, na boksi la dawa halitoki jasho. Kwa karani mwenyewe mezani pake jambo ni jingine: feni ya dari, ambayo bado tunaiita pangaboi kwa kumbukumbu ya panka ya Kihindi na kijana aliyeivuta kwa kamba, huvuta wati 75 hivi, na kwa hali ya hewa ya Mlowo hiyo yamtosha.